Sura ya 6: Mapacha wa Bei Mbili

Septemba 2014, kwenye maonyesho ya Photokina mjini Cologne, Ujerumani, kamera moja ilizinduliwa mara mbili. Panasonic ya Japani ilikuja na Lumix LX100, bei dola 899 za Marekani. Leica ya Ujerumani ikaja na D-Lux, iliyobandikwa utambulisho wa Typ 109, bei dola 1,195. Sensa ileile. Lenzi ileile. Kijidirisha cha kuchungulia kilekile, chenye nukta milioni 2.76. Video ya 4K ileile. Hata betri ni moja yenye majina mawili: Panasonic wanaiita BLG10, Leica wanaiita BP-DC15. Ukitoa moja kwenye nyingine, kinachobaki ni dola 296, mshikio mdogo wa mpira na kidoti chekundu. Sura hii yote ni ya hicho kilichobaki.

Anayenunua kamera kwa kawaida ana pa kujificha. Hii sensa yake kubwa zaidi, ile inavuta mbali zaidi, hii haiogopi mvua, ile bei yake imeshuka. Anapanga vipimo kwenye jedwali, na jedwali linamfanyia kazi ya kuamua. Akiulizwa nyumbani kwa nini ametoa pesa zote hizo, ana namba za kuonyesha. Kwa LX100 na D-Lux jedwali linakuja na safu mbili zinazofanana mstari kwa mstari, hadi chini kabisa kwenye bei. Namba zimeshamaliza maneno yao. Hapo ndipo mtu anapogundua kwamba siku zote alikuwa na sababu nyingine za kupenda kamera fulani, ila hakuwahi kulazimika kuzitaja.

Tuanze na vilivyomo ndani, maana asiyeridhika kwamba hawa ni mapacha kweli atabishana nawe hadi kesho. Sensa ni ya familia ya Micro Four Thirds, upana milimita 17.3 na kimo milimita 13, yaani kubwa mara nyingi kuliko ya simu ya mwaka ule. Ina pikseli zaidi ya milioni 16, lakini kamera haizitumii zote kwa mpigo, na sababu yake inapendeza. Lenzi humwaga mwanga kwa umbo la duara, na ndani ya duara hilo kamera inakata fremu unayoitaka. Juu ya lenzi kuna swichi ndogo yenye nafasi nne: 3:2, 16:9, 1:1 na 4:3. Ukiwa kwenye 4:3 unapata picha ya pikseli 4,112 kwa 3,088. Isogeze hadi 16:9, picha inakuwa 4,480 kwa 2,520: kimo kimepungua, lakini upana umeongezeka. Kamera nyingi ukiziambia zikupe picha pana hukata juu na chini, basi, na upana unabaki ulivyokuwa. Hii inarefuka kwenda pembeni. Anayepiga picha za ufuo, au za safu ya watu waliojipanga kwa picha ya ukoo, atajua thamani yake siku ya kwanza.

Lenzi yenyewe ni sawa na milimita 24 hadi 75 kwa hesabu ya filamu ya zamani. Inafunguka hadi f/1.7 upande wa mapana na f/2.8 ikivutwa hadi mwisho, ndiyo maana inafanya kazi ukumbini jioni bila kuhangaika na flashi. Tundu la lenzi linapangwa kwa pete inayozunguka lenzi, kasi ya shata kwa gurudumu la juu, na gurudumu la pili linaongeza au kupunguza mwangaza. Hakuna lile gurudumu la kuchagua mitindo lenye michoro ya mlima, ua na mtu anayekimbia. Weka pete kwenye A na gurudumu la shata kwenye A, kamera inaamua vyote viwili; ondoa mojawapo, hilo unaliamua wewe. Aliyejifunzia kwenye kamera ya filamu hahitaji kufundishwa upya, na kijana aliyekulia kwenye simu anaelewa kwa mchana mmoja kile ambacho vitabu vingi vinamzungusha nacho.

Kamera zote mbili zimepewa haya yote. Na zote mbili, ukisoma maandishi ya ukingoni mwa lenzi, zimeandikwa jina moja: LEICA DC VARIO-SUMMILUX. Hili wanunuzi wengi hawalitazami. Aliyelipa dola 899 ameshapata jina la Leica, limechapwa kwenye kitu muhimu kuliko vyote vya kamera. Alichokosa ni lile la kwenye bodi.

Wapo wanaoapa kwamba rangi za D-Lux ni tofauti, kwamba ngozi ya mtu inatoka vizuri zaidi na vivuli vina kina. Kwenye JPEG sibishi. JPEG ni picha iliyokwisha kuamuliwa: kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kamera imesoma namba za sensa, ikachagua wekundu uwe kiasi gani, ukali wa kingo uwe kiasi gani, chembechembe zifutwe kiasi gani, ikafunga kazi. Kampuni mbili zinaweza kabisa kuipa kompyuta hiyo maagizo mawili. Lakini ukipiga picha ghafi, ile ambayo namba za sensa zinahifadhiwa kabla hazijaamuliwa kitu, maagizo hayo hayana nguvu tena. Panasonic inaliita faili lake RW2, Leica inaliita RWL. Herufi ya mwisho inatofautiana. Kilichomo ni usomaji wa sensa ileile kupitia kioo kilekile. Anayehariri picha zake mwenyewe, halafu akalipia zaidi kwa ajili ya rangi, analipia kitu atakachokifuta kwa mkono wake saa ileile anapofungua faili.

Mapacha hawa hawakuanza mwaka 2014. Leica ni nyumba ya Ernst Leitz wa mji wa Wetzlar, mtengenezaji wa darubini za maabara, ambaye fundi wake Oskar Barnack alitengeneza kamera ndogo ya filamu ya sinema mwaka 1914. Ilipofika kwa wanunuzi kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925 ilibadilisha namna waandishi wa habari walivyotembea: kamera ikaingia mfukoni, mpiga picha akaacha kubeba sanduku na vioo. Ufundi wa Leica ulikuwa wa chuma na kioo. Kamera ya dijitali ikaja na mahitaji mengine kabisa: sensa, chipu, programu, mitambo ya kuunganisha vipande vidogo kwa mamilioni. Kampuni hii ndogo haikuwa na mitambo hiyo. Kwanza ikashirikiana na Fujifilm, wakatoa Digilux mwaka 1998. Kisha ikageukia Panasonic.

Panasonic kwa upande wake ilikuwa na shida ya kinyume. Mitambo ilikuwa nayo, wahandisi inao, na nguvu ya kuuza ulimwenguni kote inayo, lakini ilipoanzisha Lumix mwaka 2001 hakuna mpiga picha aliyeiona kuwa nyumba ya kamera. Ilikuwa kampuni ya Konosuke Matsushita wa Osaka, iliyoanza mwaka 1918 na vifaa vidogo vya umeme, ikaendelea hadi redio, pasi, televisheni na friji. Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa picha hiyo kuliko wengi. Betri za National zilitengenezwa Dar es Salaam na Matsushita kuanzia miaka ya 1960, na mzee yeyote aliyesikiliza matokeo ya mpira kwa redio ya mkulima anazijua. Jina hilo kwetu lilimaanisha kitu kinachodumu. Halikumaanisha picha.

Basi kila mmoja alikuwa na alichokosa mwenzake. Leica ikatoa jina na viwango vya lenzi, Panasonic ikatoa kilichobaki, na kila baada ya miaka miwili hivi akazaliwa pacha: LX1 na D-Lux 2 mwaka 2005, LX2 na D-Lux 3 mwaka 2006, LX3 na D-Lux 4 mwaka 2008, LX5 na D-Lux 5 mwaka 2010, LX7 na D-Lux 6 mwaka 2012. (Anayenunua mtumba azingatie namba hizo. Hazifuatani sawasawa, na mtu anaweza kuuziwa D-Lux 5 akidhani ni ndugu wa LX7.) Mwaka 2005 Leica ilikuwa na hali mbaya ya fedha kiasi cha kukaribia kufilisika, na kamera yake ya dijitali ya jamii ya M, ile M8, ilikuwa bado haijatoka, ilitoka mwaka 2006. Kwa hiyo anayesema kwamba D-Lux ni Lumix iliyovalishwa koti anasema kweli, lakini biashara ile ilikuwa na maana kwa wote wawili, na wala haikufichwa.

Sasa tuje kwenye jina.

Wanaocheka kwamba kulipia jina ni ujinga wapitie kwanza maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Pindo moja, mji mmoja, rangi moja, kiwanda kimoja. Mama anazifunua, anasoma, anazirudisha nne na kuondoka na moja. Amenunua maneno, na hakuna anayemwona mjinga, kwa sababu maneno yale yana kazi ya kufanya: kuna jirani aliyekusudiwa, na atayasoma. Jina ni sehemu ya bidhaa kabisa. Lakini kuna mambo mawili yanayoitenga kanga na kamera. Kanga haipandishwi bei kwa ajili ya jina lake. Na jina la kanga linasomeka kila mtaa itakapopita, ilhali kidoti chekundu cha Leica kinasomwa na wachache sana.

Jina hulipa pale linaposomeka. Mjini Wetzlar, au kwenye mkahawa wa Paris penye wapiga picha, kidoti kile kinafungua mazungumzo. Nenda nacho kwenye sherehe Tabata au Buruburu. Mama wa bibi harusi anatazama mkono wako, anatazama tena nyuma yako kama kuna begi lingine, kisha anauliza kwa heshima zote: "Mwanangu, kamera yenyewe ndiyo hiyo?" Kwake kamera ya kazi ni kubwa, ina lenzi ndefu na taa juu, na aliyekuja na kitu cha kuingia mfukoni amekuja kula pilau. Ukimwambia ni Leica, utakuwa umemtajia jina la mtu asiyemjua. Hapo Lumix na D-Lux zinadharauliwa sawasawa, na dola 296 hazijakutetea.

Barabarani mambo ni tofauti kidogo. Wanaoweza kukisoma kidoti ni wa aina mbili, mpiga picha mwenzako na anayejua kamera itauzwa kwa bei gani. Ndiyo maana wenye Leica wengi, hata huko Ulaya na Marekani, hukifunika kwa utepe mweusi wanapoingia mtaani kupiga picha za watu. Mtu ametoa pesa zaidi ili apate kidoti, kisha anatoa tena, ingawa kidogo, kukificha. Nimejaribu kuliona jambo hilo kuwa la busara na sijafaulu.

Ipo hoja moja ya kununua D-Lux ambayo naiheshimu kuliko zote, nayo haihusu watu wengine. Kuna mtu ambaye kitu kizuri mkononi kinamtoa nyumbani. Akiipenda kamera yake anaibeba dukani, kazini, msibani, stendi. Asiipende, inalala kwenye droo na betri inakufa. Kwa mtu wa namna hiyo, kamera ya dola 1,195 inayobebwa kila siku ni rahisi kuliko ya dola 899 iliyolala. Ugumu ni kwamba kila mmoja wetu anajiona kuwa mtu wa namna hiyo akiwa mbele ya kioo cha duka. Kipimo ninachokiamini ni kutazama kamera ambayo mtu anayo sasa. Kama imejaa michubuko, huyo anabeba. Kama bado ina plastiki kwenye kioo, kidoti hakitambadilisha.

Inafaa kuilinganisha bei hii na ya jaribio jingine la miaka ileile. Hasselblad wa Gothenburg, Uswidi, ambao kamera zao zilikwenda Mwezini na Apollo 11 mwaka 1969, walichukua Sony RX100, kamera ndogo nzuri iliyotoka mwaka 2012 kwa dola 650 hivi, wakaibandika mshikio wa mbao, wakaiita Stellar na kuitangaza mwaka 2013 kwa dola 1,995. Zaidi ya mara tatu ya bei ya ndugu yake. Wapiga picha waliicheka waziwazi, na miaka michache baadaye Hasselblad ikaachana na njia hiyo. D-Lux ikaendelea. Nadhani sababu kubwa ni kipimo: Leica iliongeza theluthi moja juu ya bei ya Panasonic, na mtu anaweza kujieleza kuhusu theluthi. Kuhusu mara tatu hawezi, hata awe na ulimi wa namna gani. Sababu nyingine ni kwamba lenzi ya mapacha ilibeba jina la Leica pande zote mbili tangu mwanzo, wakati Hasselblad haikuchangia kioo wala sensa kwenye Stellar. Mbao tu.

Na hiyo theluthi yenyewe, ukiipekua, inapungua. D-Lux Typ 109 iliuzwa pamoja na leseni ya Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, ambayo wakati ule iliuzwa peke yake dola 149. LX100 ilikuja na Silkypix, ambayo inafanya kazi lakini sijakutana na anayeitumia kwa hiari. Kama ulikuwa utainunua Lightroom hata hivyo, dola 149 zimerudi mfukoni na pengo limebaki dola 147. Kama huhariri picha kabisa, leseni hiyo ni karatasi, na pengo ni 296 kamili. Hesabu ileile ya kamera mbili zilezile inatoa majibu mawili kwa wanunuzi wawili, kutegemea wanachofanya jioni wakishatoka kupiga picha.

Kisha kuna siku ya kuuza. Bei ya kweli ya kamera ni ile uliyonunulia ukitoa ile utakayouzia, na Leica za mtumba hushuka bei taratibu kuliko Lumix. Anayebadilisha kamera kila baada ya miaka miwili anaweza kukuta kwamba sehemu nzuri ya alichozidisha imerudi. Ila lazima auze mahali penye wanunuzi wanaoijua. Akiipeleka kwa fundi wa kamera mtaani kwetu, ambaye soko lake lote ni Canon na Nikon, ataambiwa bei ya kamera ndogo isiyobadilishwa lenzi, na kidoti kitahesabiwa kuwa pambo. Hapo tunarudi palepale pa jina na wasomaji wake.

Dhamana nayo ni karatasi ya nchi iliyouza. Kabla hujaiweka kwenye hesabu, jiulize nani ataibeba kamera kuipeleka ilikonunuliwa.

Sasa mkono. Hapa ndipo penye tofauti pekee inayogusa kazi, na watu huipita haraka kwa sababu haiandikiki kwenye jedwali. LX100 ina kipande cha mpira mbele, upande wa kulia, chenye kina cha kutosha kidole cha kati kujikunja na kushika. D-Lux haina. Mbele yake ni laini moja kwa moja, kwa makusudi, kwa sababu Leica wamekuwa wakichora kamera hivyo tangu enzi za Barnack. Kwenye picha ya tangazo D-Lux inashinda, hilo halina ubishi. Mistari yake imetulia na LX100 pembeni yake inaonekana ina uvimbe. Lakini ishike kwa mkono mmoja, Februari, Mombasa, saa nane mchana, kiganja kimelowa. Kamera laini inaanza kuteleza kuelekea kwenye vidole viwili vya mwisho, na kila unapotaka kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono wa kushoto unajikuta kwanza unairekebisha kwa wa kulia. Leica waliuza mshikio wa kufunga kwa chini, kwa bei ya ziada. Yaani umelipa zaidi kupata kamera isiyo na mshikio, kisha unalipa tena kuurudisha.

Tofauti nyingine za nje ni ndogo. Vitufe viwili vya juu kwenye Lumix vimeandikwa iA na Filter. Kwenye D-Lux ni A na F, herufi moja moja, unadhifu wa Kijerumani. Menyu zimevalishwa herufi nyingine. Flashi haimo ndani ya bodi kwa yoyote kati ya hizo mbili. Kila sanduku lina flashi ndogo ya kuchomeka, ambayo ni rahisi mno kupotea. Kifuniko cha lenzi ni kile cha kutoa kwa mkono, kilichofungwa uzi, kinaning'inia na kupigapiga kwenye fremu upepo ukivuma. Kile kinachojifungua chenyewe kinauzwa kando, kwa kampuni zote mbili.

Ningenunua Lumix, na sababu ni ule mpira. Pesa nazo zina neno, lakini hata bei zingelingana ningechukua yenye mshikio, kwa sababu napiga picha nikitembea na mkono mmoja una kazi nyingine. Mwenye kupiga picha ametulia, ameketi, kamera ina mkanda shingoni, hana haja ya sababu yangu, na kwake D-Lux iliyotulia vile ni chaguo zuri kama pesa haimuumi. Anayeniudhi ni yule anayenunua D-Lux kisha anadai lenzi yake ni bora.

Mapacha walizaliwa mara moja zaidi. Mwaka 2018 LX100 II ilitangazwa Agosti kwa dola 1,000, na Novemba ikafuata D-Lux 7 kwa dola 1,195. Pengo likashuka chini ya dola 200. Kisha Julai 2024 Leica ikatoa D-Lux 8 kwa dola 1,595, sensa na lenzi za ukoo uleule, vitufe vimepunguzwa na kupangwa upya kama vya kamera yake kubwa ya Q3, picha ghafi sasa zinahifadhiwa kwa mtindo wa DNG ambao programu nyingi huufungua bila kuhangaika. Safari hii hapakuwa na LX mpya pembeni yake. Pacha mmoja amebaki, na bei yake haina tena wa kuipima naye isipokuwa wageni, kama Fujifilm X100VI ya mwaka huohuo, iliyotangazwa kwa dola 1,599, ambayo ni kamera ya aina nyingine kabisa: sensa kubwa zaidi, lenzi isiyovuta.

Kwa hiyo swali la mapacha leo linaulizwa kwenye soko la mtumba, na huko mizani inabadilika, maana kamera mbili zilizotoka kiwandani zikiwa sawa haziwi sawa tena baada ya miaka kumi mikononi mwa watu. Jina linarudi nyuma, hali ya kamera inakuja mbele. Na ugonjwa wa ukoo huu ni vumbi. Lenzi inapotoka na kurudi inavuta hewa, hewa inaingia na ilichobeba, na kwa kuwa kamera haina kinga ya vumbi wala maji, chembe hufika hadi kwenye sensa. Lenzi haitoki, kwa hiyo huwezi kuipuliza. Lazima bodi ifunguliwe na fundi anayejua anachofanya. Lumix na Leica zinaugua sawasawa. Kamera iliyoishi Dodoma au Garissa itakuwa imevuta mengi kuliko iliyoishi Oslo.

Kupima ni rahisi, na unaweza kumwagiza ndugu aliyeko ughaibuni akufanyie kabla hajalipa. Afunge tundu la lenzi hadi f/16, apige ukuta mweupe au anga tupu, kwanza kwa mapana halafu lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho, kisha akuze picha kwenye kioo. Madoa ya kijivu yanayobaki mahali pamoja katika picha zote ni vumbi la kwenye sensa. Doa moja pembeni linavumilika na linapunguza bei. Madoa manne katikati, aiache. Asikilize lenzi ikitoka: sauti moja ya kuteleza, bila kukwaruza wala kusita. Aulize ile flashi ndogo iko wapi.

Na kama duka liko Japani, ambako kamera za mtumba hutunzwa vizuri na bei zake huvutia, kuna jambo moja linaloipa D-Lux ushindi ambao hata Leica hawakuupigia debe. Lumix nyingi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina menyu ya Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kuibadilisha, wakati D-Lux kwa kawaida huja na lugha nyingi. Ndugu yako afungue orodha ya lugha akiwa bado kaunta. Akikuta Kijapani tupu, na wewe hukisomi, basi ile yenye kidoti imestahili bei yake.